Ukigundua Kwamba Wakili Wako Si Wakili

Mtu huenda kwa wakili akiwa na shida. Anauza shamba la urithi, amefutwa kazi, mwanawe yuko rumande, au mirathi ya marehemu mzazi wake imezua ugomvi nyumbani. Katika hali hiyo huwa hana nafasi wala moyo wa kumhoji mtu anayejitambulisha kuwa wakili. Mbele yake pana meza, muhuri, mafaili yaliyopangwa na bwana aliyevaa suti anayezungumza kwa kujiamini. Hulipa, huambiwa asubiri, na miezi hupita. Hatimaye huenda mwenyewe kwenye masjala ya mahakama kuulizia kesi yake, akaambiwa kwamba nambari aliyopewa ni ya kesi ya watu wengine kabisa.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Yanaeleza sheria za Kenya zinampa haki gani juu ya pesa zake, nani anapaswa kuadhibiwa na kwa njia ipi, na nini hutokea kwa hati zilizokwisha kuandikwa. Swali hilo la mwisho ndilo huwakosesha watu usingizi zaidi.

Nani si wakili

Kifungu cha 9 cha Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, kinataka mambo matatu yatimie kwa pamoja: mtu awe ameidhinishwa na kuapishwa kuwa wakili, jina lake liwe katika Daftari la Mawakili, na awe na cheti cha kuhudumu cha mwaka unaoendelea. Likikosekana hata moja, sheria humhesabu kuwa mtu asiyehitimu. Shahada ya sheria haitoshi. Hata aliyemaliza masomo ya uwakili na anasubiri kuapishwa bado si wakili, na hana ruhusa ya kukutoza ada kana kwamba ni wakili.

Kwa mwathiriwa, ni muhimu kutofautisha watu wa aina tatu. Wa kwanza ni laghai mtupu, ambaye hajawahi kuapishwa. Wa pili ni wakili wa kweli ambaye hakuchukua cheti cha mwaka, au amesimamishwa, au jina lake limeondolewa katika daftari. Wa tatu ni karani au mfanyakazi wa afisi halali ya mawakili, ambaye hupokea wateja kichochoroni na kujiita wakili. Watu hawa watatu wanaweza kukutenda dhuluma ileile, lakini milango ya kubisha ili upate haki haifanani, kama itakavyoonekana.

Uthibitisho huanzia kwa Chama cha Mawakili nchini Kenya (LSK), ambacho huonyesha katika tovuti yake hali ya kila wakili na kama cheti chake ni hai. Muulize anayekuhudumia nambari yake ya kuapishwa, ile inayoanza na P.105, kisha ulinganishe nambari, jina na picha. Hata hivyo, usiishie kwenye tovuti peke yake. Mnamo Oktoba 2023 nchi nzima ilizungumzia kisa cha mtu aliyedaiwa kuhudumu kortini bila kuwa wakili, na Chama kilieleza kwamba akaunti ya wakili halali mwenye jina linalofanana na lake ilikuwa imeingiliwa na maelezo yake kubadilishwa. Kwa hiyo, ikiwa una shaka, kiandikie Chama na uombe jibu la maandishi. Jibu hilo lina thamani kubwa zaidi ya kukutuliza. Ikiwa mtu huyo hayumo katika daftari, barua hiyo itakuwa nguzo ya ushahidi wako kwa polisi na mbele ya hakimu.

Pesa ulizolipa

Hapa sheria imesimama upande wa mteja kuliko watu wengi wanavyodhani. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Mawakili kinamkataza mtu asiyehitimu kuandaa hati za uhamisho wa mali, za kuanzisha kampuni, za mikataba ya ubia, za maombi ya usimamizi wa mirathi, na hati nyingine zinazohusu mashauri ya kisheria. Tena kinamkataza kupokea malipo kwa kazi hizo. Kisha kinaongeza jambo ambalo kila mwathiriwa anafaa kulijua: pesa zozote alizopokea kinyume cha kifungu hicho zinaweza kudaiwa na aliyezilipa kama deni la madai, kwa utaratibu wa haraka.

Maana yake ni kwamba huhitaji kuthibitisha kuwa kazi ilifanywa vibaya. Huhitaji kumleta mtaalamu aeleze jinsi hati ilivyopaswa kuandikwa. Inatosha kuonyesha kwamba ulimlipa, kwamba malipo yalikuwa ya kazi ya aina iliyokatazwa, na kwamba hakuwa na haki ya kuifanya.

Upande wa pili wa sarafu umo katika kifungu cha 31. Mtu asiyehitimu anayejifanya wakili mahakamani huhesabiwa kuwa ameidharau mahakama hiyo, ametenda kosa la jinai, na hawezi kufungua kesi ya kudai ada kwa lolote alilolifanya. Laghai wengi wakibanwa hugeuka wakali na kutisha kwamba watamshtaki mteja kwa salio la ada. Hawana pa kwenda kushtaki. Hizo ni kelele za chura.

Ikiwa kiasi unachodai hakizidi shilingi milioni 1, njia iliyo rahisi zaidi ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2016 na kuanza kazi Milimani, Nairobi, mwaka 2021 kabla ya kuenezwa kwingineko. Mahakama hiyo husikiliza madai ya mikataba ya huduma na ya pesa zilizopokelewa na kushikiliwa na mtu mwingine. Unaweza kusimama mwenyewe bila wakili, na sheria inataka shauri likamilike katika siku 60 tangu lilipowasilishwa. Kwa mtu aliyetoka kuumwa na nyoka na sasa anaogopa hata ukamba, kule kutolazimika kutafuta wakili mwingine papo hapo ni nafuu. Kiasi kikizidi milioni 1, mahakama za mahakimu husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 20, kulingana na cheo cha hakimu.

Tenganisha ada na pesa za amana. Tuchukue mfano wa kubuni. Mama muuza mitumba amempa mtu anayejiita wakili shilingi 40,000 za ada na shilingi 600,000 za kumfikishia mwenye ploti. Zile 40,000 ni ada haramu, nazo hudaiwa chini ya kifungu cha 34. Zile 600,000 hazikuwa ada hata kidogo. Zilikuwa pesa za mama alizokabidhiwa mtu kwa kazi maalumu. Kuzila ni wizi, na kuzidai ni dai la pesa zilizopokelewa kwa niaba ya mwingine. Katika hati yako ya madai, ziandike kwa mafungu mawili. Wanaoziandika kwa jumla moja humpa mshtakiwa nafasi ya kusema kwamba zote zilikuwa malipo ya kazi, na kwamba kazi aliifanya.

Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 nayo inasaidia. Inakataza mtu kujidai kuwa na hadhi au idhini asiyokuwa nayo, na inampa mtumiaji haki ya kuuvunja mkataba alioingia kwa sababu ya udanganyifu huo, pamoja na kudai fidia. Sharti lake ni kwamba notisi ya kuuvunja itolewe ndani ya mwaka mmoja tangu mkataba ulipofanywa. Barua fupi yenye tarehe, inayoeleza sababu, inatosha. Hifadhi nakala pamoja na thibitisho la kuituma.

Hasara inayozidi pesa ulizolipa ni ngumu zaidi kuidai, na ni vyema kusema hivyo waziwazi. Tuseme laghai alikaa na faili yako ya ajali mpaka muda wa kufungua kesi ukapita. Unaweza kumshtaki kwa udanganyifu na kudai thamani ya kile ulichokipoteza, lakini itakubidi uishawishi mahakama kwamba kesi ile ya awali ilikuwa na uzito na ungeshinda. Kwa dai la namna hiyo usiende peke yako. Tafuta wakili, na kama huna uwezo wa kumlipa, iendee Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Mbele ya polisi

Malalamiko tunayoyasikia mara nyingi ni kwamba afisa wa zamu humsikiliza mwathiriwa kisha akamwambia, "Hilo ni deni, nenda mahakama ya madai." Wakati mwingine afisa hukosea. Wakati mwingine, lakini, ni namna kisa kilivyosimuliwa.

Kosa la kujipatia mali kwa njia ya uongo, chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, hubeba kifungo cha hadi miaka 3. Lakini kifungu cha 312 kinaeleza kwamba uongo huo lazima uhusu jambo la wakati uliopita au uliopo. Ahadi ya jambo lijalo haitoshi. Mwathiriwa akisema, "Aliniahidi atanishindia kesi, hakuishinda," anaeleza ahadi iliyovunjwa, na hapo afisa ana haki ya kuona deni. Akisema, "Tarehe fulani, mahali fulani, aliniambia kwamba yeye ni wakili wa Mahakama Kuu, kwa kuamini hivyo nikamlipa kiasi fulani, hii hapa barua ya Chama cha Mawakili inayosema kwamba hayumo katika daftari," ameeleza uongo kuhusu jambo lililopo, na kosa la jinai limekamilika kwa maneno yake mwenyewe. Kisa ni kilekile. Kinachobadilika ni mahali mkazo ulipowekwa.

Zaidi ya kosa hilo, vifungu vya 31, 33 na 34 vya Sheria ya Mawakili vinafanya kuwa kosa kuhudumu kama wakili, kujifanya wakili, na kuandaa hati zilizokatazwa. Ikiwa ulipewa nakala ya uamuzi wa mahakama ambao haukuwahi kutolewa, au risiti ya mahakama iliyotengenezwa kwenye duka la kompyuta, pana kosa la kughushi pia, na sheria hulitazama kwa ukali zaidi iwapo hati iliyoghushiwa ni ya mahakama. Beba hati hizo jinsi zilivyo. Usiziandike juu, usizitoboe, na usikubali kumrudishia laghai anayesema anataka "kuzirekebisha".

Ukishaandikisha taarifa, hakikisha umepewa nambari ya OB. Ikiwa kituo hakichukui hatua, peleka malalamiko kwa Idara ya Upelelezi wa Jinai au kwa Afisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambayo ina mamlaka ya kuagiza uchunguzi ufanywe.

Kesi ya jinai inaweza kukurudishia pesa bila kufungua kesi nyingine. Kifungu cha 31 cha Kanuni ya Adhabu na kifungu cha 175 cha Sheria ya Mwenendo wa Mashtaka ya Jinai vinaipa mahakama uwezo wa kumwamuru aliyepatikana na hatia amlipe fidia aliyedhurika. Uwezo huo hautumiki sana kwa sababu hakuna anayeuomba. Mwambie kiongozi wa mashtaka mapema, na umpe hesabu ya hasara yako kwa maandishi kabla ya siku ya hukumu. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya mwaka 2014 inakupa haki ya kusikizwa.

Kuna jambo jingine hutokea karibu kila mara. Mshukiwa akishafikishwa kortini, ndugu zake huja usiku na robo ya pesa na karatasi ya kutiwa saini inayosema kwamba mmeelewana. Hakuna ubaya katika kurudishiwa pesa zako. Lakini kesi ya jinai si mali yako. Ni ya Jamhuri, na uamuzi wa kuiondoa ni wa Mkurugenzi wa Mashtaka kwa idhini ya mahakama. Usitie saini barua ya kuondoa malalamiko kwa sababu ya robo na ahadi.

Wakili halali nyuma ya pazia

Iwapo aliyekuhudumia ni laghai mtupu, Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili haina mamlaka juu yake, na watu wengi hupoteza miezi wakisubiri jibu kutoka huko. Lakini sheria inaipa Tume uwezo wa kupokea malalamiko kuhusu wakili yeyote, afisi ya mawakili, na mwanachama au mfanyakazi wa afisi hiyo. Kwa hiyo karani aliyejiita wakili yumo ndani ya wavu, na pamoja naye mwajiri wake. Vivyo hivyo wakili asiyekuwa na cheti, na wakili aliyekopesha jina na muhuri wake kwa laghai ili wagawane ada.

Tazama basi chini ya hati zako. Kifungu cha 35 kinataka hati iandikwe jina na anwani ya aliyeiandaa. Ukikuta jina la afisi halali, ipigie simu kwa nambari uliyoipata kwenye Chama cha Mawakili, si ile iliyo kwenye hati, uulize kama wanakufahamu. Jibu litakuwa mojawapo ya mawili. Ama jina lao liliibwa, nao watakuwa mashahidi wako, ama wanamjua mtu huyo vizuri kuliko wangependa. Tume haitozi ada. Suala likifika katika Baraza la Nidhamu, wakili anaweza kuamriwa amlipe mlalamishi fidia isiyozidi shilingi milioni 5, mbali na adhabu nyingine za kitaaluma.

Hati na kesi zilizokwisha kufanywa

Je, nyumba niliyoinunua kwa hati iliyoandikwa na mtu huyu bado ni yangu? Kwa muda mrefu jibu lilikuwa la kutia hofu. Mahakama kadhaa zilishikilia kwamba hati iliyoandaliwa na mtu asiye na cheti ni batili. Mnamo Desemba 2015, katika kesi ya National Bank of Kenya dhidi ya Anaj Warehousing, Mahakama ya Juu iliamua vinginevyo: hati ya uhamisho wa mali haiwi batili kwa sababu tu wakili aliyeiandaa hakuwa na cheti cha mwaka huo. Adhabu imwangukie mkosaji, si mteja asiyejua. Sheria ya Mawakili nayo, katika kifungu cha 34B, sasa inasema kwamba kukosa cheti kwa wakili hakuathiri uhalali wa hati aliyoiandaa.

Angalia mipaka ya uamuzi huo. Unamhusu wakili ambaye cheti chake hakikuwa hai. Aliyeandaa hati akiwa hajawahi kuwa wakili kamwe, usijitulize kwa kuutegemea. Kwa mkataba wa kuuza ardhi, sheria ya mikataba inataka uwe wa maandishi, utiwe saini na pande zote, na saini zishuhudiwe. Mkataba uliotimiza hayo una msingi wa kutetewa hata kama aliyeuchapa ni laghai. Hati ya kiapo ni jambo tofauti: kiapo kilichopokelewa na mtu asiye kamishna wa viapo si kiapo, na inabidi uape upya mbele ya anayestahili.

Ikiwa ni ardhi, harakisha kuliko jambo jingine lolote. Fanya upekuzi rasmi kwenye sajili ya ardhi siku hiyohiyo. Ukikuta hatimiliki bado iko kwa muuzaji na wewe ulikwisha kulipa, weka ombi la tahadhari chini ya kifungu cha 71 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, ili mali isihamishwe bila wewe kujulishwa. Kudai ada ya shilingi 40,000 kunaweza kungoja wiki mbili. Shamba likishauziwa mtu wa tatu, kesi yako itakuwa ya miaka.

Kuhusu kesi iliyofunguliwa na laghai kwa jina lako, usingoje mpinzani wako agundue. Nenda kwenye masjala, soma faili, kisha uwasilishe notisi kwamba utajiwakilisha mwenyewe au umemweka wakili halali, na uombe ruhusa ya kurekebisha nyaraka. Ikiwa kesi ilitupwa au hukumu ilitolewa bila wewe kusikizwa, unaweza kuiomba mahakama iitengue. Ambatisha barua ya Chama cha Mawakili na nambari ya OB. Mahakama ina hiari katika maombi hayo, na jambo la kwanza hakimu atakalotazama ni tarehe: uligundua lini, na ulikuja lini. Aliyekuja ndani ya wiki moja husikizwa kwa sikio jingine kuliko aliyekuja baada ya mwaka.

Ushahidi na muda

Jumbe za M-Pesa zilizo kwenye simu zinaweza kupotea pamoja na simu. Omba taarifa rasmi ya malipo kutoka kwa kampuni ya simu au benki. Jumbe za WhatsApp zichapishwe, na kwa kuwa ni ushahidi wa kielektroniki, Sheria ya Ushahidi inataka ziambatane na cheti kinachoeleza kifaa kilichotumika na jinsi zilivyotolewa. Picha ya bango la afisi nayo ipigwe mapema, maana mabango ya namna hii huhama usiku.

Watu huuliza kama watume kwanza barua ya kudai pesa. Kwa kawaida ndiyo, ukitoa siku 7 au 14. Lakini ikiwa malipo yamefanywa juzi na yamkini pesa bado ziko kwenye akaunti, barua itamwonya tu. Anza na benki na polisi.

Dai la mkataba lina miaka 6 na dai la madhara linalotokana na udanganyifu lina miaka 3, ila pale ulaghai ulipofichwa muda huanza kuhesabiwa siku ulipougundua au ulipopaswa kuugundua kama ungekuwa mwangalifu. Ukishapata hukumu ya madai, unaweza kuitekeleza ndani ya miaka 12. Laghai asiye na kitu leo huenda akanunua gari mwaka wa nne. Hifadhi nakala iliyothibitishwa ya amri ya mahakama, jina lake kamili na nambari yake ya kitambulisho. Bila nambari hiyo, dalali wa mahakama hatajua ni mali ya nani anayopaswa kuikamata.